Kugeuza Kumfaa Nani?

"Mama, asubuhi unatoka saa ngapi kwenda kuchota maji?" anauliza mdadisi, simu mkononi.

"Saa kumi na moja, mwanangu."

Mdadisi anabonyeza 11:00. Fomu inapokea, wanaingia swali linalofuata. Mama alimaanisha alfajiri, giza halijatoka. Takwimu zitakazofika ofisini zitasema anaondoka saa tano, jua limeshapanda. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni kazi moja ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya simu kutoka ofisini, na kazi hiyo bado hatujakubaliana tuiite nini kwa Kiswahili.

Waingereza huiita customization: kuchukua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wote na kuibadili sura na tabia hadi ikae sawasawa kwa watu fulani. Katika programu za dodoso kazi hii haina mwisho, maana dodoso moja hufunguliwa na mamia ya watu kwenye skrini za kila ukubwa.

Wengi husema "kurekebisha". Neno ni zuri lakini linaanza na lawama. Kinachorekebishwa ni kilichoharibika: redio, hesabu, kauli. Fomu ya saa haikuwa na hitilafu yoyote. Kwa mtu anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane ilikuwa sahihi kabisa.

Wengine wamechagua "kubinafsisha". Hapo ndipo mimi hugoma. Anayekumbuka Tanzania ya miaka ya 1990 analijua neno hilo lilivyoingia sebuleni kupitia redio: Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, viwanda vikibinafsishwa, kisha Benki ya Taifa ya Biashara kwenda kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Wakenya nao walilisikia Kenya Airways ilipobinafsishwa mwaka 1996. Kwa msomaji huyo, kubinafsisha ni kutoa mali ya umma mikononi mwa serikali na kuwapa watu au makampuni. Ukimwandikia kwamba dodoso la afya ya wilaya "limebinafsishwa", ana haki ya kuuliza limeuzwa kwa nani. Neno lililokwisha kubeba historia nzito namna hiyo halibebeshwi kazi ya kubadili rangi na upana wa visanduku.

Lipo la tatu, nalo ndilo lililoenea katika simu na kompyuta zinazozungumza Kiswahili: "geuza kukufaa". Nalipenda. Linasema kitendo na linasema shabaha. Lakini tulipasue tuone ndani: ku- ya kitenzi, -ku- ya nafsi ya pili, kisha -faa. Hiyo -ku- ya katikati imeshataja mtu. Ni wewe, uliyeshika kifaa. Unapobadili picha ya skrini yako au mlio wa simu, neno limekaa mahali pake, kwa sababu anayegeuza ndiye anayefaidi.

Kwenye dodoso, anayegeuza ni mmoja na anayepaswa kufaidi ni mwingine. Mtafiti yuko mezani na kompyuta pana. Mdadisi yuko juani na simu ya inchi tano. Mama yuko kizingitini na ndoo yake. Neno "kukufaa" likimsemesha mtafiti peke yake, atageuza kweli, na atajigeuzia yeye. Nimeona fomu nyingi za aina hiyo, nzuri mno mezani.

Chukua swali la maoni lenye majibu matano yaliyopangwa kwa mlalo. Kwa Kiingereza maneno mafupi yanajipanga vizuri. Tia Kiswahili: "Nakubaliana kabisa", "Nakubali", "Sikubali wala sikatai", "Sikubali", "Sikubaliani kabisa". Kwenye simu, jibu la katikati linabanwa hadi linakatika mistari mitatu, na kidole kinachotafuta la nne kinagusa la tano. Anayetumia programu za dodoso kama KoboToolbox au ODK anaweza kuandika fomu yake katika lahajedwali, na humo kuna safu ya kuamua mwonekano wa kila swali. Futa maagizo ya mlalo katika safu hiyo, majibu yanashuka wima, kila moja na mstari wake. Ni kazi ya dakika moja, ila lazima kwanza uishike simu ya mdadisi na kuijaribu kwa kidole chako.

Ujumbe wa kosa nao uandikwe. Usipoandika wako, mtu atapewa ule wa jumla ambao haumwambii amekosea wapi. "Umri hauwezi kuzidi miaka 120. Tafadhali hakiki" unamsaidia. Na katika karatasi ya mipangilio, itaje lugha ya kufungulia fomu, Kiswahili kisiwe cha kutafutwa kwenye menyu.

Turudi kwa saa. Baadhi ya watu huongeza maelezo madogo chini ya swali: akisema saa 1 asubuhi, weka 07:00. Inasaidia asubuhi ya kwanza. Kufikia kaya ya ishirini mdadisi amechoka na hesabu zinamponyoka. Mimi huondoa kabisa kile kisanduku cha saa na kuweka orodha: "saa 10 alfajiri", "saa 11 alfajiri", "saa 12 asubuhi", na kuendelea. Nyuma ya kila jibu inakaa thamani ya mashine, 04:00, 05:00, 06:00. Mama anasema saa kumi na moja, mdadisi anagusa "saa 11 alfajiri", kompyuta inapokea 05:00. Hakuna anayetafsiri kichwani.

Hiyo siwezi kuiita kugeuza kukufaa. Ni kugeuza kumfaa mhojiwa, na sarufi yetu inaturuhusu kusema hivyo bila kuunda neno jipya: badili kiambishi, umetaja mtu mwingine. Kumfaa, kuwafaa, kutufaa. Kiingereza hakina nafasi ya kumtaja huyo mtu ndani ya neno lake. Sisi tunayo, na tumeiacha igande kwenye nafsi moja kwa sababu ndiyo iliyochapwa kwenye vitufe vya simu. Jina la kitendo litoshe kuwa "ugeuzaji", na mwandishi amtaje anayelengwa: ugeuzaji wa kumfaa mdadisi, ugeuzaji wa kuwafaa wazee wenye macho hafifu.

Kwa hiyo ndugu mtafsiri, unapokutana na neno customization katika programu ya dodoso, usinakili "kukufaa" kwa mazoea. Uliza kwanza ni nani atakayejibu, kisha mpe kiambishi chake.