Mizinga Miwili Katika Ngome ya Mombasa

Katika siku za likizo niliwachukua wanafunzi wangu wachache kwenda kuitazama ile ngome ya Mombasa iitwayo Ngome ya Yesu. Wengi wenu, walimu wenzangu, mmekwisha kufika huko. Lakini nadhani mlistaajabia kuta, mkaipita mizinga miwili ya chuma bila kuuliza habari zake, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza.

Habari za kuta zenyewe zajulikana. Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, kwa uchoro wa fundi Mwitaliani, Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani wakaitwaa ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira yapata miezi 33. Tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza. Na neno hili gereza, wajuzi wasema, asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hayo nayaacha, maana yamekwisha andikwa na wengi.

Mizinga niliyotaja si ya Wareno. Mmoja ulitoka katika manowari ya Wadachi, Königsberg, na wa pili katika manowari ya Waingereza, Pegasus. Midomo yake karibu sawa: wa Wadachi upana wake sentimeta 10 na nusu, wa Waingereza inchi 4, yaani kama sentimeta 10 na kidogo. Vijana walipima kwa ngumi zao wasione tofauti. Lakini ule wa Wadachi ulitupa kombora mbali zaidi, na kwa tofauti hiyo watu walikufa.

Ilikuwa Jumapili alfajiri, tarehe 20 Septemba 1914. Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, isiweze kwenda popote. Königsberg, chini ya nahodha wake Max Looff, ikatokea ikaipiga kutoka mbali. Pegasus nayo ilipiga, lakini makombora yake yalianguka majini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa, na meli ikazama.

Königsberg nayo haikupata raha. Mtambo wake uliharibika, ikajificha katika midomo ya mto Rufiji, kati ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kwa kuwa maji hayana kina. Mwishowe zikaletwa meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zikapigana nayo tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915, na watu wa ndege wakiwaonyesha wapigaji makombora yaangukapo. Siku ile ya pili Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Hapo ndipo, kwangu mimi, habari inapoanza. Wadachi waliitoa mizinga yote kumi katika meli iliyozama, ikapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu. Mzinga uliofanywa kwa meli ukawa wa nchi kavu. Mmoja ulipigwa hata Kondoa Irangi mwaka 1916, mbali sana na bahari. Mwingine umesimama leo Pretoria. Haukuwako mzinga katika hiyo uliojiendesha. Ulivutwa kwa kamba na mikono ya watu, mamia kwa mamia, katika tope na mchanga na milima.

Na upande wa Waingereza mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja alikusanya wapagazi, akaenda nao mwenyewe kwa miguu. Katika wapagazi wa Waingereza waliohesabiwa kufa walipita 40,000, wengi kwa njaa na kuhara, wala si kwa risasi. Jeshi lao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka kwa namna yao, na jina hilo limebaki mpaka leo katika mtaa na soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Wauzao nyanya pale hulitaja kutwa mara mia.

Kijana mmoja wa darasa langu aliuzunguka mzinga wa Königsberg mara mbili, akitafuta kitu. Nilimwuliza, “Watafuta nini?” Akajibu, “Mwalimu, natafuta mahali walipofungia kamba.” Hakika sikutazamia jibu hilo, maana mimi nilikuwa nikiwaeleza habari za nahodha.

Mzinga, kama mjuavyo, kwanza ni gogo lililochimbwa ndani, nyuki wakae. Babu zetu walipoona chuma chenye tundu kilicholia wakakipa jina hilo. Vivyo hivyo manowari ni neno la mabaharia wa Kiingereza lililovikwa vazi la Kiswahili. Maneno haya tumeyahifadhi vizuri katika kamusi. Lakini nyimbo za wavutaji, na maneno waliyopokezana ili kamba zivutwe pamoja, hayamo humo.

Basi naomba, ye yote miongoni mwenu aliye na mzee katika mtaa wake, ambaye babake au babu yake alivuta au kuchukua mizigo katika vita ile, amwendee, aandike asikiavyo, bila kusahihisha lugha, akataje na jina la mvutaji na kijiji chake.