Programu za kutunga na kusahihisha mitihani mtandaoni

Programu za mitihani ya mtandaoni ni vyombo vya tarakilishi vinavyomwezesha mwalimu kutunga maswali, kuyahifadhi, kuyawasilisha kwa wanafunzi kupitia intaneti na kupata alama zao papo hapo. Nchini Kenya, walimu na wahadhiri wengi walizikimbilia shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa Covid-19.

Haja ya kumpunguzia mwalimu mzigo wa kusahihisha si ngeni. Mnamo 1938, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kusahihisha mitihani iliyotokana na ubunifu wa mwalimu Reynold Johnson. Mashine hiyo ilitambua majibu kwa kuwa alama ya penseli hupitisha umeme. Agosti 2002, Martin Dougiamas wa Australia alitoa toleo la kwanza la Moodle, programu isiyolipiwa ambayo sasa hutumiwa na vyuo vingi duniani, vikiwemo vya Kenya. Google Forms nayo iliongezewa sehemu ya majaribio yanayojisahihisha mwaka wa 2016.

Utendakazi

Katika Moodle, mwalimu huweka maswali yake katika benki ya maswali. Wakati wa mtihani, programu inaweza kumteulia kila mtahiniwa maswali tofauti, kuvuruga mpangilio wa majibu na kufunga karatasi muda unapokwisha. Maswali ya kuchagua jibu na ya kweli au uongo husahihishwa bila utata.

Utata huanzia kwenye majibu mafupi. Programu haijui somo. Hulinganisha tu jibu la mwanafunzi na yale yaliyoorodheshwa na mwalimu. Chukua swali linalotaka kisawe cha neno "kompyuta". Ikiwa mwalimu aliorodhesha "tarakilishi" pekee, mwanafunzi atakayeandika "ngamizi" atapata sufuri, ingawa amejibu sawa. Katika hesabu, mwalimu asipobainisha tofauti inayokubalika, jibu lililokadiriwa kwa desimali chache huhesabiwa kuwa kosa.

Insha ni ngumu zaidi. Mnamo 1966, Ellis Page wa Marekani alianzisha mradi wa kusahihisha insha kwa kompyuta. Mfumo wake ulipima mambo kama vile urefu wa insha na wa maneno, wala si uzito wa hoja. Programu za sasa za akili bandia zimepiga hatua kubwa, lakini nazo hukosea. Kwa kawaida, Moodle humwachia mwalimu insha aisome mwenyewe.

Tahadhari

Ili kuzuia udanganyifu, baadhi ya vyuo hutumia Safe Exam Browser, programu iliyoanzishwa na chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi. Humzuia mtahiniwa kufungua kurasa nyingine, lakini haiwezi kuiona simu iliyofichwa chini ya meza.

Kinga kubwa ya mwanafunzi ni takwimu ambazo programu hutoa kuhusu kila swali. Swali likiwashinda wanafunzi hodari huku wanyonge wakilipata, huenda jibu lililowekwa ndilo lenye kasoro. Hivyo, mwalimu hana budi kuyapitia majibu yaliyokataliwa kabla ya kutangaza matokeo, kuongeza yaliyo sahihi kisha kuiagiza programu isahihishe upya. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo yaweza kumwokoa mwanafunzi asiangushwe kwa jibu alilolijua.