Redio iliyosikika kwa jiwe moja

Familia ikikimbia usiku, mara nyingi redio ndogo hubebwa pamoja na sufuria na vitenge. Kwa mhami, redio si starehe. Ndiyo inayomwambia kama barabara ya Oicha inapitika na kama watu wa kijiji chake wameanza kurudi. Lakini mawe ya redio yakiisha na pesa hakuna, inanyamaza. Basi ni vizuri tukumbuke kwamba miaka mia moja iliyopita watu wengi walisikiliza redio isiyohitaji mawe ya dukani, na waliiunga wenyewe nyumbani.

Historia hiyo inaigusa Kongo. Kabla ya vita ya 1914, Wabelgiji walijenga mitambo ya kuwasiliana na koloni yao bila waya. Mmoja uliwekwa Laeken, Brussels, na Robert Goldschmidt, kwa msaada wa Mfalme Albert wa Kwanza. Tarehe 28 Machi 1914 mtambo huo, uliokusudiwa kuongea na Kongo, ulirusha muziki, na waliokuwa na vipokezi waliusikia. Mwezi wa Agosti Wabelgiji wenyewe waliuharibu ili Wajerumani wasiukamate.

Vipokezi vingi vya wakati ule vilitumia jiwe linalong'aa linaloitwa galena, madini yenye risasi ndani yake. Mwanasayansi wa India, Jagadish Chandra Bose, aliomba hati ya uvumbuzi wa kifaa cha aina hiyo mwaka 1901, akaipata 1904. Galena hupitisha umeme upande mmoja kuliko upande mwingine, na kwa njia hiyo sauti hutolewa ndani ya mawimbi.

Miaka ya 1920, maduka ya Ulaya na Marekani yaliuza vipande vya redio hiyo pamoja na karatasi ya maelekezo. Mtu alizungusha waya wa shaba juu ya kopo, akatundika waya mrefu juu kama antena, akazika mwingine ardhini. Kisha aligusa jiwe kwa ncha ya waya mwembamba, akitafuta polepole mahali panapoleta sauti sikioni. Nguvu yote ilitoka kwenye mawimbi ya stesheni yenyewe.

Hata jiwe likikosekana, watu walitafuta njia. Mwaka 1944, askari waliokuwa kwenye mahandaki ya Anzio, Italia, walitumia wembe na ncha ya penseli mahali pa galena, wakasikia muziki.

Huku Afrika, redio ilikuja kama sauti ya serikali. Radio Congo Belge ilianza 1940, na wenye vipokezi walikuwa wachache. Kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, redio ya bei nafuu yenye umbo la sufuria ilitolewa 1949. Iliuzwa pauni 5, na batri yake shilingi 25, yaani robo ya bei ya redio nzima. Shida ya mawe si ya leo. Ilipungua tu baada ya redio za transista kuanza kuuzwa 1954, kwa sababu zinakula umeme kidogo.

Je, galena ingetusaidia hapa Mavivi? Kwa habari za leo, hapana. Redio ile hupokea mawimbi ya AM, tena kutoka mtambo wenye nguvu. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, na redio zetu za Beni tunazisikia kwa FM. Kipokezi cha FM kinahitaji transista na umeme kidogo, wa mawe ao wa paneli ndogo ya jua. Hicho pia huuzwa kwa vipande, na kijana mwenye kifaa cha kulehemu na subira anaweza kukiunga.

Jambo moja tusilichanganye: kuunga redio ya kupokea ni kazi ya nyumbani, lakini kurusha mawimbi kunahitaji ruhusa ya serikali, na katika eneo la vita mtambo wa kurusha usio na ruhusa unaweza kumletea mtu hatari.

Tangu 2014 watu wa wilaya ya Beni wamepoteza nyumba, mashamba na mifugo. Ufundi haubaki nyuma mtu anapokimbia. Mzazi mwenye kijana asiyesoma kwa sasa amtafutie nafasi kwa fundi wa redio aliye karibu. Redio moja ikitengenezwa, majirani wote watapata habari.