Kivu ya Kusini: kura ilibadilika mara nyingi, njia ya rushwa ikabaki ileile

LUVUNGI – Katika uwanda wa Ruzizi, karte ya uchaguzi haitupwi kura ikiisha. Tangu uandikishaji wa mwaka wa 2005, karte hiyo ndiyo kitambulisho cha wakaaji wengi wa Kongo. Inaombwa kwenye kizuizi cha barabarani, banki, ofisini na mpakani. Kwa jamaa zilizokimbia mapigano ya uwanda mwezi wa kumi na mbili 2025, kuipoteza ni kupoteza vitu viwili pamoja: jina mbele ya askari na sauti mbele ya sanduku la kura.

Wengi wanauliza kama sauti hiyo ina faida yoyote. Historia ya Kivu inajibu kwa pande mbili. Upande wa kwanza, mpiga kura wa hapa si mjinga, na hajawahi kuwa mali ya chama kimoja. Amebadilisha mawazo mara nyingi, na kila mara kulikuwa na sababu. Upande wa pili, kura yake inafika nusu ya njia tu. Nusu inayobaki inapita mahali ambapo yeye hayupo, na pale inakutana na pesa au bunduki.

Kura ya kwanza, 1960

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 ulifanyika kabla ya uhuru. Kivu ilikuwa jimbo moja, Maniema na Kivu ya Kaskazini zikiwa ndani yake. Wanaume ndio waliopiga kura. Wanawake wa Kongo walingoja mpaka 1967. Chama cha CEREA cha Anicet Kashamura na Jean-Chrysostome Weregemera kilikuja mbele ya MNC ya Patrice Lumumba katika bunge la jimbo, lakini hakikupata wingi wa kutawala peke yake. Basi mapatano yakaanza nyuma ya mlango. Jean Miruho akawa kiongozi wa kwanza wa jimbo, naye Kashamura akaingia katika serikali ya Lumumba kama waziri wa habari.

Hesabu hiyo haikudumu. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 1960, askari waliotoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, waliingia Bukavu wakamkamata Miruho. Uhuru ulikuwa haujatimiza miezi sita. Mwaka wa 1964 uasi ukawaka katika uwanda wa Ruzizi, na Uvira ikaanguka mwezi wa tano. Mwezi uliofuata, Mobutu alionekana vitani pale Kamanyola, jirani ya Luvungi. Baadaye jina la Kamanyola likawa la kumsifu: divisheni ya jeshi, meli yake, hata uwanja mkubwa wa mpira Kinshasa. Kijiji kikapata sifa, wakaaji wake hawakupata kura huru.

Kijani na nyekundu

Mwaka wa 1970 Mobutu alisimama peke yake. Karatasi ya kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu ilikuwa hapana. Matokeo rasmi yalisema zaidi ya watu milioni 10 walikubali na watu 157 walikataa katika nchi nzima. Hakuna aliyehitaji kununua kura wakati ule, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kununua.

Rushwa ya miaka ile ilikaa mahali pengine: ofisini, barabarani, katika mshahara usiofika. Watu waliiita kifungu cha 15, kifungu kisichokuwa katika katiba, kinachosema kila mtu ajitafutie. Mwaka wa 1988 Kivu ikagawanywa majimbo matatu, na Kivu ya Kusini ikawa jimbo lenyewe. Tarehe 24 mwezi wa nne 1990 Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja. Lakini desturi ya kifungu cha 15 haikwisha pamoja na chama. Iliingia katika vyama vipya.

2006: kura ya kukataa vita

Kati ya 1996 na 2003 watu wa Kivu ya Kusini hawakuulizwa wanamtaka nani. Walizika watu Kasika mwezi wa nane 1998, Makobola mwanzo wa 1999, na hapa karibu, Katogota, mwezi wa tano 2000. Masanduku ya kura yalipokuja, jibu lilikuwa tayari. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2006, duru ya kwanza na ya pili, Joseph Kabila alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura katika jimbo hili. Azarias Ruberwa wa RCD, kundi lililotawala Bukavu na Uvira wakati wa vita, hakufika asilimia 2 katika nchi nzima.

Hiyo haikuwa kura ya chama. Wakaaji wengi walikuwa hawajawahi kusoma programu ya PPRD, chama cha raisi. Walikuwa wanachagua mwisho wa vita, na walimpa Kabila deni la kulipa.

2011: deni halikulipwa

Mwezi wa kwanza 2009 majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni Umoja Wetu. Vital Kamerhe, mtoto wa Kivu ya Kusini na mkuu wa Bunge la taifa, alisema kwenye redio kwamba hakujulishwa. Mwezi wa tatu akaacha kiti chake. Mwaka wa 2010 akaanzisha chama cha UNC.

Kabla ya uchaguzi, mwezi wa kwanza 2011, katiba ilibadilishwa na duru ya pili ikaondolewa. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, Kamerhe alishika nafasi ya tatu katika nchi, chini ya asilimia 8. Lakini hapa jimboni hadithi ilikuwa nyingine. Kura za Kabila zilishuka sana kuliko zile za 2006, na Kamerhe alichukua sehemu kubwa. Ni miaka mitano tu ilikuwa imepita. Watu walewale waliompa Kabila karibu kila kitu walimnyang'anya, kwa sababu amani waliyoagiza haikufika.

Jambo la pili lilionekana mwaka huo. Wachunguzi wa Kituo cha Carter walisema matokeo hayaaminiki. Tangu pale, swali la mpiga kura halikuwa tena nani nimchague, bali nani anahesabu.

2018 na hesabu ya watu wachache

Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018 watu walipiga kura kwa mashine. Kamerhe alikuwa amejiunga na Félix Tshisekedi. CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilimpa Tshisekedi asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83 na Emmanuel Shadary 23.84. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na wachunguzi wengi, walisema hesabu hiyo hailingani na ile waliyokusanya wao.

Lakini mlango mpana wa rushwa uko chini zaidi, na hauzungumzwi sana kijijini. Mwananchi anachagua raisi na wabunge. Maseneta na liwali hawachagui yeye. Wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Bunge la Kivu ya Kusini lina watu wasiofika 50. Anayetaka uliwali anahitaji wingi wao, yaani watu karibu 25. Kuwahonga wapiga kura laki kadhaa ni kazi ngumu. Kuhonga watu 25 katika hoteli moja ni kazi ya usiku mmoja. Mwezi wa tatu 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, malalamiko ya kura kununuliwa yalikuwa makubwa mpaka Raisi Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuingizwa kwao kazini.

Kijijini rushwa ni ya bei ndogo: chumvi, sabuni, kitenge, tisheti, chupa ya bia. Wazee wanasema mkono mtupu haulambwi, na mgombea anajua msemo huo. Tena kuna ujanja wa orodha. Mpiga kura anaweka alama kwa mtu mmoja, lakini kura inahesabiwa kwanza kwa orodha nzima ya chama. Kwa hiyo chama kinaweka mtoto wa kila ukoo. Watu wanamchagua ndugu yao, ndugu anaanguka, na kura zake zinamwinua mkubwa aliye kwenye orodha ileile. Hakuna sheria iliyovunjwa, lakini mama aliyepanga mstari tangu asubuhi amemtuma Kinshasa mtu asiyemjua.

2023: jina peke yake halitoshi

Mwaka wa 2020 Kamerhe alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu kwa kesi ya pesa za programu ya siku 100. Rufaa ikapunguza adhabu kuwa miaka 13, na mwezi wa sita 2022 akaachiliwa bila hatia. Mwaka uliofuata akawa waziri wa uchumi. Kwa mpiga kura wa Bukavu, somo lilikuwa gumu kusoma: kama kulikuwa na wizi, mwizi ni nani, kama hakukuwa, kesi ilikuwa ya nini?

Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, Daktari Denis Mukwege wa Panzi, mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel ya 2018, aliomba uraisi. Hakufika hata asilimia 1, naye Tshisekedi akapata zaidi ya asilimia 73. Kuheshimiwa na dunia si sawa na kuwa na mashahidi katika kila ofisi ya kura, na wagombea ubunge wa kukutaja kila sokoni. Mwezi wa kwanza 2024, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, mawaziri na maliwali wakiwemo, kwa udanganyifu, rushwa na kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Mwaka huohuo wa 2023 madiwani wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza katika Jamhuri ya Tatu, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Luvungi haikuchagua mtu wa karibu hata mmoja.

Nani ataandikishwa wapi?

Mwezi wa pili 2025 AFC/M23 iliingia Bukavu, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mkuu wa AFC ni Corneille Nangaa, yuleyule aliyetangaza matokeo ya 2018. Ni kama mwaka wa 1960 umerudi: aliyeshika hesabu na aliyeshika bunduki wako karibu sana.

Uchaguzi unaofuata unatarajiwa 2028. Kwa jamaa zilizohama, hatari inaanza kabla ya kampeni. Viti vya wabunge vinagawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikishwa katika kila teritwari. Kama jamaa za uwanda zitakuwa bado kambini au ng'ambo ya mto siku ya uandikishaji, teritwari ya Uvira inaweza kupungukiwa viti kwa miaka mitano. Mwaka wa 2023 Wakongo wa nje walipiga kura katika nchi tano tu: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Canada, Ufaransa na Marekani. Burundi haikuwemo.

Kwa hiyo swali la kuuliza viongozi, mashirika ya raia na CENI tangu sasa si nani atagawa chumvi. Ni hili: aliyefukuzwa Luvungi ataandikishwa wapi, na kwa jina la kijiji gani? Na karatasi ya matokeo, ambayo sheria inataka ibandikwe mlangoni pa kila ofisi ya kura, itasomwa na nani kabla ya kuondolewa? Tangu 1960 mpiga kura wa Kivu amefanya sehemu yake. Sehemu inayobaki ni kuifuata kura mpaka mwisho wa njia.