Je, Tunaikimbia Qadar ya Allah?

Ndugu Waislamu, mwaka 18 Hijria (639) tauni ya Amwas iliikumba Sham. Sayyidna Umar (R.A.), akiwa njiani kwenda huko, aliwashauri Maswahaba kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akajibu kwamba anaikimbia Qadar kuiendea Qadar: mchunga anayewapeleka ngamia bonde lenye majani na kuliacha kavu, kote yumo ndani ya Qadar.

Baadaye Ma'bad Al-Juhani wa Basra aliikanusha Qadar. Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria (746), alidai mja hana hiari.

Wazazi, mtoto asiyedurusu akifeli na kusema "nimeandikiwa", tumkumbushe: Umar aliiamini Qadar, na bado aligeuza msafara.