Kalamu ya wino ya Japani: mambo 6 ya kujua kabla hujatoa hela yako

Kalamu ya wino yenye nibu si kitu cha kutupa wino ukiisha. Ukiichagua vizuri na kuitunza, inaweza kukuandikia kwa miaka mingi. Ukiichagua kwa sababu inang'aa tu, kuna hatari ikaishia kwenye droo.

Japani ina kampuni tatu kongwe zinazosifika kwa kalamu hizi: Sailor, iliyoanza mwaka 1911 mjini Kure, Hiroshima, Pilot, iliyoanza 1918, na Platinum, iliyoanza 1919. Zote tatu hutengeneza nibu zao zenyewe. Haya ndiyo mambo ya kuangalia kabla ya kununua.

1. Anza na nibu, si mwili wa kalamu

Nibu ndiyo inayoandika. Mwili ni wa kushika tu. Mfano mzuri ni Pilot Kakuno, kalamu ya plastiki iliyotoka mwaka 2013 ikiwalenga watoto. Nibu yake imechorwa uso unaotabasamu, lakini ni ya aina ileile iliyomo kwenye Pilot Metropolitan, ambayo ina mwili wa metali na bei ya juu zaidi. Kwa hiyo anayechukua Kakuno hajapunjwa kwenye uandishi. Tofauti kubwa iko kwenye muonekano na uzito mkononi.

2. F ya Japani si F ya Ulaya

Hapa wengi wanakosea. Herufi zilizo kwenye nibu zinaonyesha unene wa mstari: EF ni mwembamba sana, F ni mwembamba, M ni wa kati na B ni mnene. Lakini nibu za Japani kwa kawaida ni nyembamba kwa hatua moja hivi. F ya Japani inakaribia EF ya Ulaya.

Sababu ni maandishi ya Kijapani. Herufi moja ya kanji inaweza kuwa na mistari zaidi ya kumi ndani ya nafasi ndogo. Mstari ukiwa mnene, herufi inageuka doa.

Kama mwandiko wako ni mdogo, au karatasi ya daftari lako ni nyepesi na wino hupenya upande wa pili, chukua F. Kama unaandika herufi kubwa na unapenda kalamu iteleze, M itakufaa zaidi. Ukichukua EF, jiandae kusikia inakwaruza kidogo.

3. Chuma au dhahabu?

Nibu za bei nafuu ni za chuma kisichoshika kutu. Za bei ya juu ni za dhahabu: karati 14, yaani asilimia 58.5 ya dhahabu, hadi karati 21 ambazo Sailor inasifika nazo.

Usidanganyike kwamba dhahabu ndiyo inayogusa karatasi. Kwenye ncha kabisa huwa kuna kipunje cha metali ngumu zaidi, na ulaini wa kuandika unategemea sana kipunje hicho kilivyosuguliwa. Faida ya dhahabu ni kwamba haililiwi na wino, na nibu nyingi za dhahabu hunesanesa kidogo ukiandika. Kwa anayeanza, chuma kinatosha kabisa.

4. Wino utaupata wapi?

Swali hili liulize kabla ya kulipa. Katriji za Pilot haziingii kwenye Sailor wala Platinum, na kila moja kati ya hizo nyingine nayo ina katriji yake. Katriji ndogo za kawaida zinazotumika kwenye kalamu nyingi za Ulaya nazo haziingii moja kwa moja.

Dawa yake ni kununua kipampu cha kuvutia wino cha kampuni hiyohiyo. Ukiwa nacho, unajaza kalamu kutoka kwenye chupa yoyote ya wino wa kalamu za nibu. Wino mzito wa kuchorea usiutie kamwe, kwani unaganda ndani na kuziba njia.

5. Angalia kifuniko

Kama huandiki kila siku, wino hukauka kwenye nibu. Platinum ina kifuniko chenye kizibo cha ndani kwenye kalamu yake ya #3776 Century, namba inayotokana na urefu wa Mlima Fuji kwa mita. Kampuni inasema wino unaweza kukaa hadi miezi 24 bila kukauka. Hata Preppy, kalamu yake ya bei ya chini kabisa, ina kizibo cha namna hiyo.

6. Ijaribu, kisha itunze

Ukiwa dukani, andika namba 8 mara kadhaa bila kukandamiza. Mstari usikatike. Tazama ncha kwa karibu: pande mbili za nibu ziwe sawa, mmoja usipande juu ya mwingine.

Ukishaimiliki, usiikandamize kama bolpeni, maana nibu inaweza kupanuka na isirudi. Ioshe kwa maji ya kawaida kila unapobadilisha wino. Maji ya moto hapana.

Kwa kifupi, anza na Preppy au Kakuno ya F au M, ongeza kipampu na chupa moja ya wino, kisha andika nayo kwa miezi kadhaa. Mkono wako ndio utakaokuambia kama unataka nibu nyembamba zaidi, nene zaidi au ya dhahabu. Hapo hela kubwa utaitoa ukijua unachokinunua.