Rush Hour: jinsi filamu tatu za askari wawili zilivyozidi kupoteza ladha

Katika vibanda vya video vya Arua na Koboko, kama ilivyo katika miji mingine ya Uganda, filamu za mapigano na vichekesho kuhusu askari wawili wasiopatana zina wapenzi wa siku nyingi. Miongoni mwa zile zinazojulikana sana duniani ni Rush Hour, mfululizo wa Marekani wenye filamu tatu zilizotolewa mwaka 1998, 2001 na 2007. Zote ziliongozwa na Brett Ratner, na waigizaji wakuu ni Jackie Chan na Chris Tucker. Kwa jumla, kila filamu iliyofuata ilipokewa na wahakiki vibaya zaidi kuliko iliyoitangulia.

Mwanzo wa hadithi

Katika filamu ya kwanza, binti wa balozi mdogo wa China anatekwa nyara mjini Los Angeles. Inspekta Lee anawasili kutoka Hong Kong ili kusaidia kumtafuta. Wapelelezi wa Marekani hawamtaki, hivyo wanamkabidhi kwa askari mropokaji, James Carter, ambaye kazi yake ni kumweka mbali na upelelezi. Carter anadhani mgeni wake hajui Kiingereza, naye Lee anamwacha aendelee kudhani hivyo. Kicheko kinazaliwa hapo: watu wawili wanalazimika kufanya kazi pamoja kabla ya kuaminiana.

Gharama zapanda, hadithi yadhoofika

Filamu ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 35 na kuingiza zaidi ya dola milioni 240. Ya pili, inayoanzia Hong Kong na kuishia Las Vegas, iligharimu dola milioni 90 na kuingiza takriban dola milioni 347. Ya tatu, iliyowapeleka askari hao Paris, iligharimu dola milioni 140 na kuingiza takriban dola milioni 258. Gharama ziliongezeka mara nne, lakini mapato yalirudi karibu pale yalipoanzia.

Udhaifu huo una sababu inayoeleweka. Mwishoni mwa filamu ya kwanza Lee na Carter wamekwisha kuwa marafiki. Ili kuwagombanisha tena, waandishi walilazimika kubuni ugomvi usio na mizizi, na pengo lililobaki likazibwa kwa miji mipya na mapigano makubwa zaidi. Si ajabu kwamba mojawapo ya sehemu zinazochekesha zaidi katika filamu ya tatu ni ile ambayo mtawa anatafsiri matusi ya mhalifu anayezungumza Kifaransa. Hapo filamu inarejea kwenye chanzo chake, yaani lugha.

Si kila mwendelezo hudhoofika

Mfululizo wa Bad Boys, ulioanza mwaka 1995, unaonyesha njia nyingine. Filamu yake ya pili, ya mwaka 2003, ilikosolewa vikali. Ya tatu, iliyotolewa mwaka 2020 chini ya waongozaji wapya, ilipokewa vizuri zaidi na kuingiza zaidi ya dola milioni 420. Iliwakubali askari wake kuwa watu waliozeeka, mmoja akitaka kustaafu na mwenzake akikataa. Ugomvi wao ulikuwa na sababu mpya na ya kweli.

Watazamaji wa Nile Magharibi

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili wa Arua na Koboko, wanaoishi karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Wafasiri wa filamu nchini Uganda hutumia zaidi Kiluganda, lugha ambayo wakazi wengi wa Nile Magharibi hawakuzaliwa nayo. Ngumi hueleweka bila mkalimani, lakini mzaha haueleweki. Asiyefahamu Kiingereza wala Kiluganda huona mapigano na kukosa maneno, na katika Rush Hour ya kwanza maneno ndiyo yaliyobeba filamu. Wafasiri kama DJ Afro wa Kenya wameonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzaha huo.